RSS, PSS au memory.current: hesabu ipi ya kumbukumbu uishike?

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mbio?"

"Seva imetushinda. Nimejumlisha mwenyewe, programu zimekula gigabaiti 11. Nataka uniambie niagize kumbukumbu ya aina gani."

Kijana huyu anatunza seva ndogo huko Shela, yenye rekodi za maulidi, tenzi na mazungumzo ya wazee. Alikuwa na daftari, na ndani yake ameinakili safu ya RES kutoka kwenye top, amri inayoorodhesha programu na kumbukumbu (RAM) zinazotumia, mstari kwa mstari, kisha akapiga jumla. Jumla yake haikuwa na kosa. Lakini seva ina gigabaiti 8, haikuwa imeanza kutupia kitu kwenye diski, na watu walikuwa wakisikiliza rekodi bila shida. Ndoo ya lita 8 haibebi lita 11, kwa hiyo ilibidi tutazame ni kitu gani hasa alichokuwa akikijumlisha.

Nayaandika haya kwa sababu Lamu kosa la namna hii lina gharama. Kumbukumbu ya ziada huagizwa Mombasa, ikapanda basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, na ikifika si aina yake siku kadhaa zimepotea pamoja na nauli. Kabla ya kuagiza inafaa kujua ni namba gani ya kuiamini. Linux, mfumo unaoendesha seva hiyo, inakupa nyingi, na kila moja imetengenezwa kujibu swali lake.

Kwa nini kerneli yenyewe inakadiria

Kwenye kompyuta nyingi tunazotumia, kerneli, yaani moyo wa Linux, huigawa kumbukumbu katika kurasa za kilobaiti 4. Kila programu inapougusa ukurasa mpya, kerneli inaongeza moja kwenye hesabu ya programu hiyo, na ukurasa ukirudishwa inapunguza moja. Jambo hilo ni jepesi prosesa ikiwa moja. Zikiwa nyingi, na nyuzi za programu ileile, yaani kazi zake zinazokwenda sambamba, zinafanya kazi kwenye prosesa zote kwa pamoja, kila moja inataka kuandika palepale kwenye hesabu moja. Moja ikiandika, nyingine zinangoja.

Aliyewahi kuona jahazi la boriti likishushwa atalielewa jambo hili upesi. Tuseme karani yuko mmoja, na kila hamali lazima asimame mbele yake kutaja kila boriti aliyobeba. Foleni itarudi hadi majini. Basi hamali anahesabu mwenyewe, na korja ikitimia, yaani boriti 20, ndipo anapomwita karani aandike. Kazi inakwenda. Ila ukilifungua daftari la karani katikati ya kazi, kila hamali anaweza kuwa na boriti hadi 19 ambazo bado hajazitaja. Mahamali 10, boriti 190 hazimo daftarini. Hakuna aliyeiba, hesabu imechelewa tu.

Kerneli ilifanya hivyohivyo. Tangu toleo la 2.6.34 la mwaka 2010, kila uzi wa programu ulikuwa na hesabu yake ya pembeni, na uliipeleka kwenye hesabu kuu baada ya matukio 64. Programu yenye nyuzi 100 iliweza kuwa na kurasa 6,400 ambazo hazijaandikwa, kama megabaiti 25. Nyuzi zikiongezeka, kosa linaongezeka nazo.

Katika toleo la 6.2, lililotoka Februari 2023, mfumo huo ulibadilishwa kwa kazi ya Shakeel Butt. Hesabu za pembeni zikatolewa kwenye nyuzi zikapewa prosesa. Kila prosesa inakusanya hadi kiwango fulani ndipo inapomwaga kwenye hesabu kuu. Kiwango hicho ni 32, au idadi ya prosesa mara 2, chochote kilicho kikubwa. Sasa kosa halifuati tena wingi wa nyuzi. Linafuata ukubwa wa mashine.

Piga hesabu hii mwenyewe, kwa sababu ndiyo itakayokuambia kama jambo hili linakuhusu. Mashine ya prosesa 4: 32 mara 4 ni kurasa 128, yaani nusu megabaiti. Ya prosesa 16: megabaiti 2. Ya prosesa 64, ambapo kiwango kimeshapanda hadi 128: megabaiti 32. Ya prosesa 256: kiwango ni 512, kosa linaweza kukaribia kurasa 131,072, ambazo ni megabaiti 512. Hicho ni kikomo cha juu kabisa kwa hesabu moja, na kwa kawaida kosa huwa dogo zaidi, lakini hakuna anayekuahidi kwamba halitafika hapo.

Zipo pia mashine zinazotumia kurasa za kilobaiti 64, na huko ndiko ugonjwa ulikojitokeza hadharani. Chukua yenye prosesa 128, ambayo kiwango chake ni 256. Programu inayotumia megabaiti 10 ina kurasa 160 tu. Ikiwa zote zimeguswa kwenye prosesa moja, kiwango hakijafikiwa, hesabu kuu haijaambiwa kitu, na top inaonyesha RES sifuri. Programu ipo, inafanya kazi, na kerneli inasema haina hata ukurasa mmoja. Watu walikutana na sifuri hizo kwenye mashine halisi, na mwaka 2025 kerneli ikarekebishwa: mtu anapoyasoma mafaili ya status na statm chini ya /proc, folda ambamo kerneli huweka taarifa za kila programu inayoendeshwa, kerneli sasa inazipitia hesabu za pembeni zote na kuzijumlisha kabla ya kujibu.

Naona huo ulikuwa uamuzi mzuri. Kurasa huongezwa na kupunguzwa bila kukoma, ilhali mtu anayetazama top husoma mara moja kila sekunde chache. Ni haki anayeuliza ndiye abebe gharama ya kuhesabu. Gharama iliyobaki iko kwingine: kila programu inapoanzishwa, kerneli inaiandalia hesabu 4 za namna hii (kurasa za mafaili, zisizo za faili, za pamoja, na zilizohamishiwa diskini), na kila moja inahitaji nafasi kwa kila prosesa. Kwa programu inayoishi siku nzima si kitu. Kwa skripti inayozaa amri fupifupi maelfu, inahisika.

Rudi sasa kwa kijana wa Shela. Mashine yake ina prosesa 4. Kosa lote la ukadiriaji haliwezi hata kuonekana kwenye gigabaiti zake 11. Tatizo lake ni la jamii nyingine kabisa, nalo ndilo wengi wetu tunalokutana nalo kwenye mashine ndogo.

RSS na PSS

RES ya top ndiyo RSS (Resident Set Size): jumla ya kurasa za programu zilizomo kwenye kumbukumbu muda huu. Inasema ukweli kuhusu programu moja. Uongo unaanza unapozijumlisha programu nyingi, kwa sababu ukurasa unaotumiwa na programu 10 unahesabiwa mara 10.

Seva ya Shela inatumia PostgreSQL. Hifadhidata hii ina eneo moja la pamoja ambalo michakato yake yote, yaani nakala zake zinazoendeshwa kila moja peke yake, inalitumia, megabaiti 128 usipoligusa, na wao walikuwa wamelipandisha hadi gigabaiti 1. Kila muunganisho una mchakato wake. Mchakato ukishaishi kwa muda na kuzigusa kurasa nyingi za eneo lile, RSS yake inakaribia gigabaiti nzima. Miunganisho ilikuwa 10. Kwenye daftari la kijana eneo moja la gigabaiti 1 liliandikwa mara 10, na programu nyingine zote zikaongeza gigabaiti 1. Ndiyo 11 zake hizo.

PSS (Proportional Set Size) inaukata ukurasa wa pamoja kwa idadi ya wanaoutumia. Ukurasa wa watu 4, kila mmoja anaandikiwa robo. Ndiyo maana PSS za mashine nzima zinajumlishika bila kitu kurudiwa. Tulipozijumlisha pale Shela tulipata gigabaiti 2 kasoro kidogo.

Inapatikana kwenye faili la smaps_rollup chini ya /proc, ndani ya folda yenye namba ya mchakato. Lipo tangu toleo la 4.14 la mwaka 2017. Kabla ya hapo ilibidi usome smaps nzima na kuijumlisha mwenyewe, mamia ya mistari kwa mchakato mmoja. Programu ya smem inakufanyia kazi hiyo na kukupangia majibu.

Na ubora mwingine wa PSS ni kwamba haitegemei daftari la karani. Kerneli inakwenda ufukoni kuhesabu boriti moja moja: inapita kwenye jedwali la kurasa za mchakato na kuutazama kila ukurasa. Kwa hiyo suala la prosesa 256 na hesabu za pembeni halimgusi anayesoma hapa. Maelezo rasmi ya /proc yenyewe yalikuwa yakimwambia msomaji kwamba namba za status na statm zinaweza zisiwe sahihi, na anayetaka usahihi aende kwenye smaps au smaps_rollup.

Lakini kutembea ufukoni ni kazi. Mchakato wenye gigabaiti kadhaa una kurasa mamia elfu, na kuzipitia kunachukua muda wa prosesa, tena kerneli inashika kufuli la ramani ya mchakato ule wakati inasoma. Usiweke skripti ya kusoma smaps_rollup ya kila mchakato kila sekunde. Nimewahi kufanya hivyo kwenye mashine ya mteja mmoja hapa Langoni, nikakuta skripti ya kupima iko juu kabisa kwenye orodha ya wanaotumia prosesa. Pia status husomwa na mtu yeyote, ilhali smaps_rollup ya mchakato wa mwingine inataka uwe root, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Ukiisoma bila ruhusa utapata jumla ndogo kwa sababu nusu ya michakato imekunyima jibu, na skripti iliyoandikwa kwa haraka haitakuambia.

PSS ina tabia moja inayowachanganya watu. Jirani akifa, yako inapanda. Michakato 10 ikigawana gigabaiti 1, kila mmoja ana kama megabaiti 100. Mitano ikifungwa, iliyobaki inaonekana imeongezeka maradufu, wala haijaomba kitu. Usikimbilie kusema programu inavuja, yaani inachukua kumbukumbu bila kuirudisha.

Kama swali lako ni "nikiifunga programu hii nitarudishiwa kiasi gani?", basi si RSS wala PSS. Jumlisha mistari ya Private_Clean na Private_Dirty kwenye faili hilohilo. Hizo ndizo kurasa zake peke yake. Kwa mchakato mmoja wa PostgreSQL pale Shela jibu lilikuwa megabaiti chache, ingawa RES ilisema karibu gigabaiti. Kumfunga mmoja kusingeokoa kitu.

memory.current

Hesabu ya tatu inatoka kwenye vikundi vya udhibiti (cgroups), toleo la 2, ambavyo ndivyo msingi wa kontena, yaani programu zilizotengwa kila moja kwenye chumba chake, na wa huduma zinazosimamiwa na systemd, programu inayoziwasha na kuzitunza huduma za Linux. Hapa kerneli inahesabia kikundi kizima, si mchakato, na unaweza kukiwekea kikomo kwa memory.max.

Ajabu yake ni kwamba kosa lake limeelekezwa upande wa pili. Kwenye RSS prosesa inatumia kwanza, inaripoti baadaye. Kwenye vikundi, prosesa inachukua fungu la kurasa mapema na kuliandikisha lote, kisha inatumia kidogo kidogo kutoka humo. Ni kama hamali anayetia sahihi ya korja nzima kabla hajainama kuokota boriti ya kwanza. Fungu hilo lilikuwa kurasa 32, likapandishwa hadi 64 mwaka 2022. Matokeo yake memory.current inaweza kuzidi ukweli kidogo. Na ni lazima iwe hivyo, kwa sababu namba hii ndiyo inayolinda kikomo: hesabu iliyochelewa ingekiacha kikundi kipite mpaka kabla ya kuonekana.

Faili la memory.stat, linalochambua jumla hiyo, linakusanywa kwa njia nyingine. Mabadiliko huwekwa pembeni kwa kila prosesa na kuunganishwa na kazi inayopita kila sekunde 2, au msomaji anapolifungua wakati mabadiliko yamekuwa mengi. Usishangae mistari yake isipolingana na memory.current hadi baiti ya mwisho. Zinatoka kwenye vitabu viwili.

Mambo mawili ya kuangalia kabla hujaiamini memory.current kama kipimo cha programu yako. La kwanza, ndani yake zimo kurasa za mafaili yaliyosomwa. Seva inayosoma rekodi za sauti mchana kutwa itaonyesha namba kubwa ambayo sehemu yake kerneli inaweza kuitupa wakati wowote ikihitaji nafasi. Tazama mistari ya anon (kurasa zisizo za faili) na file (za mafaili). Ila usiseme file yote ni ya kutupwa: mstari wa shmem (kumbukumbu ya pamoja) umo ndani ya file, na lile eneo la pamoja la PostgreSQL linaandikwa hapo. Toa shmem kwanza. Huu ni mtego uliowahi kunipotezea jioni nzima, ndiyo maana nausisitiza.

La pili, ukurasa unaoshirikiwa na vikundi viwili haugawanywi. Aliyeugusa kwanza ndiye anaandikiwa wote. Kontena mbili zikitumia faili lilelile, iliyoanza kuwaka inaonekana nzito na ya pili inaonekana nyepesi. Ukiziwasha upya kwa mpangilio mwingine, uzito unahama. Mtu anayetaka kuwatoza wateja wake kwa kipimo hiki alikumbuke hilo, kwa sababu mteja wa kwanza atakuwa anamlipia wa pili.

Mashine nzima: free

Hapa sina la kurefusha. Usitazame kumbukumbu iliyo tupu, tazama iliyo tayari kupatikana: safu ya available kwenye amri ya free, au MemAvailable kwenye /proc/meminfo, iliyopo tangu toleo la 3.14 la mwaka 2014. MemFree itakuwa ndogo kwenye seva yoyote yenye afya kwa sababu kerneli inaijaza nafasi tupu kwa mafaili. MemAvailable ni makadirio, inahesabu kilicho tupu pamoja na sehemu ya kinachoweza kurudishwa, na haidanganywi na shmem. Hesabu za mashine nzima nazo zina madaftari ya pembeni kwa kila prosesa, yenye kikomo cha 125 na kusawazishwa kila sekunde 1, lakini kwenye gigabaiti 8 huwezi kuliona kosa hilo.

Mimi ningeshika ipi

Kwa kuamua kununua kumbukumbu, MemAvailable ndiyo inayotangulia, ikifuatiliwa kwa siku kadhaa zikiwemo zile za kazi nyingi. Ikiwa haishuki karibu na sifuri, usiagize kitu, hata RSS zikijumlishwa hadi gigabaiti 100.

Kwa kujua nani amekula, PSS, mara moja usiku au unapokuwa na shaka. Kwa kufuatilia programu moja dakika kwa dakika, RSS inatosha na ni rahisi, maana unachotafuta ni mwelekeo: inapanda kila saa au imetulia? Kwenye mashine ndogo kosa lake halifiki megabaiti moja kwa kila hesabu. Ukikodi mashine ya prosesa mamia kwingineko, usiiamini RSS kwa programu ndogo mpaka ujue kerneli yake ina marekebisho ya 2025. Andika uname -r uone toleo. Debian 12 ilikuja na 6.1 na Ubuntu 22.04 na 5.15, hizo bado ziko kwenye hesabu za nyuzi, kwa hiyo hapo tazama wingi wa nyuzi. Ubuntu 24.04 ilikuja na 6.8, hapo tazama wingi wa prosesa.

Kwa kuweka mipaka kati ya huduma zinazoishi mashine moja, memory.current pamoja na memory.max, kwa sababu ndiyo hesabu pekee kati ya hizi ambayo kerneli yenyewe inaitumia kukataza. RSS ikiipita namba uliyoiandika kwenye skripti yako, hakuna kitakachotokea mpaka skripti iamke.

Kijana tulikaa naye barazani mpaka adhana ya magharibi. Skripti yake sasa inaandika MemAvailable kila dakika, na saa nane za usiku inapita kwenye smaps_rollup za michakato yote kwa ruhusa ya root, ikitaja pia ni mingapi iliyokataa kusomwa. Kwa wiki nzima MemAvailable haijashuka chini ya gigabaiti 4. Oda ya Mombasa bado ipo, lakini amefuta kumbukumbu na kuandika betri ya UPS, maana kilichokuwa kinaiangusha seva ni umeme.